Ukimya wa Wenyeji na Masikio ya Mgeni: Mwalimu Ugenini katika Riwaya ya Kiswahili, kwa Kurejelea Karatu na Ngorongoro

Ikisiri

Makala hii inahakiki umbo la kisimulizi lenye mizizi mirefu katika fasihi ya Kiswahili: msomi, aghalabu mwalimu, anakutana na jamii yenye mambo yasiyosemwa, na simulizi inayachukulia mambo hayo kuwa giza linalosubiri kumulikwa. Kwa kurejelea riwaya nne na hali halisi ya lugha katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, makala inadai kwamba ukimya wa wenyeji mbele ya mwalimu mgeni ni wa aina tatu, yaani ukimya wa adabu, wa daraja na wa hofu. Usimulizi unaosikia kwa Kiswahili pekee huzichanganya aina hizo na kuziita siri. Kosa hilo ni la kisanaa na pia la kimaadili.

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa shule ya serikali nchini Tanzania hupangiwa kituo. Aliyezaliwa Mtwara anaweza kujikuta Endulen, na aliyezaliwa Kagera akajikuta Mang'ola, akiwa na cheti, barua ya ajira na lugha moja ambayo taifa linamhakikishia kuwa itamfikisha kokote. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwishoni mwa miaka ya 1960, na hasa baada ya mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977, tukio hili limejirudia mara nyingi sana. Ni miongoni mwa matukio makuu ya maisha ya taifa, na ni jambo la kutarajiwa kwamba linawavutia watunzi.

Mvuto huo una hatari yake. Mwalimu mgeni ni mhusika anayemrahisishia mtunzi kazi: haijui jamii, kama msomaji asivyoijua, anauliza maswali ambayo msomaji angeuliza, na pale anaponyimwa jibu, taharuki inazaliwa bila jasho. Swali linaloongoza makala hii ni hili: anaponyimwa jibu, amenyimwa nini hasa?

2.0 Nuru na giza: urithi wa riwaya

Msemo kwamba elimu ni mwanga umekita katika Kiswahili kiasi kwamba hausikiki tena kuwa sitiari. Riwaya ya Kiswahili imeurithi pamoja na sharti lake: palipo na mwanga unaoletwa, lazima pawe na giza linalongoja.

Katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wajifunze sheria, na utetezi wake ni masimulizi ya wajumbe waliotumwa pande sita, wakarudi na maarifa, wakafungwa. Shaaban Robert analiweka giza upande wa mamlaka. Wanaoficha ni watawala, na raia wanafichwa. Miongo miwili baadaye, Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi inalihamishia giza hilo sebuleni. Zakaria ni mwalimu aliyepoteza kazi kwa ulevi. Anamlinda bintiye kwa kipigo, lakini hamwelezi lolote kuhusu dunia anayomlinda nayo. Rosa mwenyewe anapata ualimu, na bado hana mtu wa kuzungumza naye. Riwaya hii inaonesha kwamba ualimu haumpi mtu sikio, na kwamba kimya cha nyumbani kinaweza kuua. Kwa upande wake, Mirathi ya Hatari (1977) ya C. G. Mung'ong'o inalipeleka giza katika ukoo: uchawi unarithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na mrithi ni kijana ambaye elimu ilikuwa imemfungulia njia nyingine.

Kazi hizi zinatofautiana kwa fani na kwa itikadi, lakini zinakubaliana katika mambo mawili. Kwanza, kilichofichwa ni kibaya au cha hatari. Pili, wote wanaokificha na wanaokifichua wanazungumza Kiswahili kilekile. Jambo la kwanza limehakikiwa vya kutosha. La pili halijapewa uzito linaostahili, kwa kuwa wahakiki wamelichukulia kuwa ni kanuni ya kawaida ya uandishi: mtunzi anaandika kwa Kiswahili, kwa hiyo wahusika watasema Kiswahili. Katika riwaya inayosimuliwa kutoka ndani ya jamii, kanuni hiyo haina madhara makubwa. Mkerewe wa Kezilahabi anazungumza na Mkerewe mwenzake, na msomaji anaelewa kwamba amefanyiwa tafsiri. Mambo hubadilika pale msimulizi anapokuwa mgeni. Hapo lugha ndiyo mlango wenyewe wa kuingilia, na kuiondoa ni kumpa mgeni funguo za nyumba kisha kushangaa kwamba vyumba vingine vimefungwa.

3.0 Karatu na Ngorongoro: upweke wa nani?

Karatu na Ngorongoro zinafaa kuipima hoja hii kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni ya kiisimu. Katika eneo linaloanzia Karatu mjini hadi Ziwa Eyasi na nyanda za juu za Ngorongoro, zinakutana lugha zisizo na undugu wa karibu: Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi, Kidatooga na Kimaasai, ambavyo ni vya Kiniloti, Kihadza, chenye sauti za vidoko na ambacho hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote, na lugha za Kibantu, Kiswahili kikiwemo. Wanaisimu Kießling, Mous na Nurse (2008) wamelichukulia Bonde la Ufa la Tanzania kuwa eneo la kiisimu ambamo lugha za asili tofauti zimeathiriana kwa muda mrefu. Lugha haziathiriani hivyo pasipo watu kuoana, kufanya biashara, kupigana na kupatana.

Sababu ya pili inatokana na hiyo ya kwanza. Sehemu hizi huelezwa mara kwa mara kuwa za mbali na zilizojitenga. Hata hivyo, barabara ya watalii waendao kreta inapita katikati ya Karatu. Vitunguu vya Mang'ola vinauzwa mbali na mashamba vilikolimwa. Na Wahadzabe, wanaotajwa mno kuwa wametengwa na dunia, hupokea wageni wenye kamera asubuhi nyingi kuliko wanakijiji wengi wa mikoa iliyo karibu na Dar es Salaam. Kwa hiyo, kujitenga huko ni hisia ya anayefika. Anayejiona yuko kisiwani ni mwalimu, kwa kuwa kati ya lugha anazozisikia sokoni anaifahamu moja tu. Simulizi inapoupachika upweke wake juu ya jamii nzima, imekwisha kupotosha kabla siri yoyote haijatajwa.

4.0 Aina tatu za ukimya

4.1 Ukimya wa adabu

Chukua tukio dogo la kubuni, lakini linaloweza kutokea siku yoyote ya uandikishaji. Mwalimu anamwuliza mama wa Kidatooga jina la babu mzaa baba wa mtoto. Mama anainamisha kichwa. Mwalimu anarudia swali kwa sauti ya juu zaidi, kisha anaandika kwamba mzazi hajui.

Utafiti wa Alice Mitchell (2015) kuhusu Kidatooga unaonesha kinachoendelea. Mwanamke aliyeolewa hapaswi kutamka jina la baba mkwe wake na ya wakwe wengine wanaostahili heshima hiyo. Na si majina peke yake, bali hata maneno ya kawaida yanayofanana nayo kwa sauti. Kwa ajili hiyo upo msamiati mbadala ambao wanawake hujifunza na kuutumia kila siku. Huu si upungufu wa maarifa. Ni umahiri wa kiisimu wa kiwango cha juu, kwa kuwa msemaji hupima kila tamko kabla halijatoka. Mama yule analijua jina vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwepo. Anathibitisha hivyo kwa kutolitaja. Kuiita hali hiyo siri ni kuita salamu uvamizi.

4.2 Ukimya wa daraja

Aina ya pili inahusu maarifa yenye wenyewe. Miongoni mwa Wahadzabe, kama James Woodburn alivyoeleza kutokana na utafiti alioanza mwishoni mwa miaka ya 1950, zipo nyama za epeme ambazo ni haki ya wanaume waliofikia daraja husika, nao huzila faraghani. Na ipo ngoma ya epeme inayochezwa usiku usio na mbalamwezi. Miongoni mwa Wairaqw, mafunzo ya wasichana yaliyoitwa marmo yalifanyika katika utengwa na yalikuwa mwiko kusimuliwa, hadi yalipokoma katika enzi ya ukoloni. Vilevile upo utaratibu wa metimani, ambao ulikuwa na nguvu zaidi zamani, ambapo watu waliopatwa na misiba ya aina fulani walikaa mbali na wenzao kwa muda uliowekwa. Daftari la mahudhurio la shule lina alama moja tu kwa mtoto wa nyumba kama hiyo: mtoro.

Maarifa ya daraja hayafichwi kwa kuwa ni mabaya. Yanahifadhiwa kwa kuwa thamani yake inategemea namna yanavyopokelewa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na methali hiyo haimzuii mtu yeyote kuujua mtungi. Inamwambia tu kwamba njia ya kuujua ni kuzama. Tena kila jamii yenye maarifa ya daraja ina pia maarifa ya hadhara. Wairaqw wana slufay, sala ya kishairi ambayo kiongozi huitamka na hadhira huitikia, ikiombea jamii amani na baraka. Anayetafuta moyo wa jamii hii hana haja ya kuvunja mlango, kwani sehemu kubwa yake inatamkwa mbele ya watu wote. Inahitaji tu anayeelewa Kiiraqw.

4.3 Ukimya wa hofu

Aina ya tatu ndiyo pekee inayofanana na siri ya riwaya, na hata hiyo haipaswi kusomwa juujuu. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilianzishwa mwaka 1959, na Wamaasai waliotolewa Serengeti wakaelekezwa huko. Kilimo ndani yake kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa muda mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Katika mazingira hayo, mwalimu anayeuliza baba analima wapi, au nyumbani kuna ng'ombe wangapi, anauliza swali la hesabu kwa nia njema. Lakini mtu huyohuyo ndiye karani wa sensa na msimamizi wa kituo cha kura. Anayemjibu anaijibu serikali. Gogol aliliona jambo hili katika tamthilia yake kuhusu mkaguzi wa serikali: mji mzima unaficha na kujipendekeza mbele ya kijana mwenye cheo cha chini kabisa, kwa sababu tu unadhani ametumwa. Mgeni hakuzikuta siri zile. Ujio wake ndio uliozizaa.

Hapa pingamizi zito linastahili kujibiwa. Je, hoja hii haiwapi kinga watesaji? Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni kosa kisheria tangu mwaka 1998, na pale unapoendelea, unaendelea kwa kificho. Ndoa za watoto nazo hupangwa kimya. Mwalimu ndiye mara nyingi mtu mzima wa kwanza kuambiwa, na wapo watoto waliookolewa kwa sababu mwalimu hakukubali kunyamaza. Hilo ni kweli, na ndilo linaloupa utenganisho wa aina hizi ulazima wake. Mwalimu aliyemdhalilisha mama kwa kukataa kutaja jina la mkwe, na akamwita mtoro mtoto aliyefiwa, hataambiwa lolote na binti anayehitaji msaada. Asiyeitambua adabu hapewi siri ya hofu. Rosa Mistika ilikwisha kutuonya: Rosa hakukosa watu wa kumchunguza, alikosa wa kumsikiliza.

5.0 Athari kwa usimulizi na kwa uhakiki

Iwapo uchambuzi huu unakubalika, mtunzi ana njia mbili za kuepuka mtego. Njia ya kwanza ni ya Aniceti Kitereza. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka iliandikwa kwa Kikerewe katika miaka ya 1940, kisha mwandishi mwenyewe akaitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Hakuna mgeni anayeulizauliza. Maelezo ya mila, mimea na adabu yanatolewa na mwenyeji asiyeona haya kufafanua, na maneno ya Kikerewe yanabaki pale yanapostahili kubaki. Wapo waliolalamika kwamba riwaya hiyo inaelezea mno. Maelezo hayo ndiyo ukarimu wake: mwenyeji amechagua la kusema na la kuacha.

Njia ya pili ni kumwacha mgeni awe mgeni, pamoja na uziwi wake. Usimulizi wa aina hiyo ungeonesha mahali ambapo tafsiri inakatika, ungemwacha mkalimani aseme machache kuliko alichosikia, na ungekubali kufikia ukurasa wa mwisho bila baadhi ya milango kufunguliwa. Kiswahili kina uwezo wa kufanya hivyo. Kinachokosekana ni utayari wa kukiri kwamba lugha ya taifa nayo ina mahali inapoishia. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitaja lugha za jamii kuwa hazina, lakini hazina hiyo haina nafasi rasmi darasani, na katika riwaya mara nyingi imepewa nafasi ya pambo.

Kwa wahakiki, na hasa kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaokwenda uwandani, somo liko karibu zaidi. Mtafiti mwenye hojaji ni ndugu wa mwalimu mwenye daftari. Maelezo kwamba watafitiwa hawakuwa tayari kutoa ushirikiano yanajaza tasnifu nyingi, na mara chache yanafuatwa na swali la lugha gani ilitumika, nani alikuwepo, na ni jina la nani lililotakiwa kutajwa.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba siri ambazo mwalimu mgeni hukutana nazo katika usimulizi wa Kiswahili ni, kwa sehemu kubwa, zao la masikio yake. Adabu, daraja na hofu ni mambo matatu, na kila moja linamdai msikilizaji wake kitu tofauti: la kwanza linadai heshima, la pili subira, la tatu ulinzi. Kuyatendea yote kwa tochi moja kunawavunjia heshima wa kwanza, kunawanyang'anya wa pili, na kunawaacha wa tatu bila msaada. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa Karatu na Ngorongoro wamekwisha kuwapokea wageni wengi. Swali ambalo fasihi ya Kiswahili haijalijibu ni wangapi kati yao walijifunza kwanza namna ya kusalimia.