Sifa za Mtu wa Tatu

Ingia ukumbi wowote ambako wafanyabiashara wamealikwa ili wafahamiane, iwe Dar es Salaam au Nairobi, uwatazame baada ya nusu saa. Waliotoka ofisi moja wamesimama pamoja, sahani za sambusa mkononi, wakiendeleza maongezi yale yale ya mchana. Aliyekuja peke yake anachezea simu. Paul Ingram na Michael Morris wa Chuo Kikuu cha Columbia walilipima jambo hili: waliwaalika watu wa biashara wapatao mia moja kwenye tafrija, wakawavika vitambulisho vya kielektroniki vilivyorekodi nani amezungumza na nani. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa wageni waliosema wamekuja kutafuta watu wapya waliishia kuwaelekea zaidi wale waliokuwa wakiwafahamu tayari. Mwandaaji anayeona kazi yake imekwisha akishalipia ukumbi na soda anajidanganya. Panahitajika mtu wa tatu, mwenye kuwajua wawili wasiojuana na kuwapa sababu ya kuzungumza.

Pwani yetu iliijua kazi hii zamani. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, anasimulia kuwa meli ilipotia nanga vijana waliiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutamka kuwa huyo ni mgeni wake. Mgeni alifikia kwa mwenyeji huyo, naye ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Aliyempunja mgeni bei, au kumuuzia kitu mwenyeji asipokuwapo, biashara yake haikutambuliwa. Mwenyeji alikuwa ameweka jina lake rehani, na hapo ndipo penye thamani ya kutambulisha: mgeni anaweza kujisifu mpaka usiku, lakini sifa zake mwenyewe hazina mdhamini. Wapo watakaosema mtu mzima ajitambulishe mwenyewe. Ibn Battuta anawajibu bila kukusudia, kwani anataja kuwa aliyezoea mji na kuwajua watu wake alifikia popote alipotaka. Wanaoona utambulisho hauna haja mara nyingi ni hao wenyeji wa siku nyingi.

Ufundi wenyewe umo katika sentensi moja au mbili. Kutaja majina na vyeo hakutoshi. Wawili watapeana mikono, watabadilishana kadi, kisha kila mmoja atarudi kwa wenzake. Fundi husema: “Bwana huyu anasindika maziwa Tanga na anahangaika na usafiri, na dada huyu ana malori yenye majokofu yanayorudi Dar matupu.” Hajamsifu mtu kupita kiasi, jambo ambalo humtia aibu msifiwa na kumtia shaka msikilizaji. Amewapa mahali pa kuanzia, na maongezi yakishika huwaacha. (Wengi hushindwa hapo; hubaki wamesimama katikati wakidaka kila neno.)

Pingamizi zito zaidi ni kwamba haya ndiyo yale yale ya kujuana yanayowanyima haki wasio na mtu. Hofu hiyo ina msingi, hasa pale anayetambulisha ndiye pia mwenye kutoa zabuni. Lakini upendeleo huwazungusha watu walewale ndani ya duara moja, na mtambulishaji mzuri hulivuka duara. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kuwa katika watu aliowachunguza, waliopata kazi kupitia mtu fulani wengi wao walimwona mtu huyo kwa nadra au mara mojamoja tu, kwa kuwa rafiki wa karibu huwa na habari zile zile ulizo nazo. Asiye na jamaa ndiye anayefaidika zaidi akitokea mtu wa kumvusha.

Mwenye hesabu kali atauliza: kwa nini nigawe faida yangu ya kuwajua wote wawili? Mwanasosholojia mwingine, Ronald Burt, mwaka 1992, alieleza vizuri nguvu ya anayesimama kati ya makundi yasiyojuana, na madalali wanaiishi kila siku. Hata hivyo mtafiti David Obstfeld, alipowachunguza wafanyakazi wa idara ya uhandisi ya kampuni ya magari, aligundua mwaka 2005 kwamba wenye tabia ya kuwaunganisha wenzao ndio walioshiriki zaidi katika ubunifu wa kampuni. Kuwakutanisha watu hakukuwaweka kando. Mambo mapya yalipoanza, wao walikuwamo.