Kisa Chenyewe na Kisa cha Shabiki: Istilahi za Ubishi wa Katuni

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu istilahi za sheria, za benki, za kilimo na za isimu. Leo tunakusudia kuzungumzia istilahi za mchezo, na twajua wapo watakaouliza: hivyo mchezo nao una istilahi? Jawabu letu ni kwamba popote watu wanapobishana kwa dhati, hapo pana haja ya maneno yaliyopimwa. Maneno yasipopimwa, ubishi hugeuka ugomvi, au hukatika kabla ya kuzaa faida.

Jioni moja baada ya sala ya Magharibi tulikuwa tumeketi barazani Jang'ombe, karibu na vijana waliokuwa wakibishana juu ya mchezo wa video uitwao Undertale. Mchezo huo ulitungwa na Mmarekani Toby Fox, ukatolewa mwaka 2015. Miongoni mwa wahusika wake ni ndugu wawili, Sans na Papyrus, ambao ni viunzi vya mifupa mitupu. Yupo pia mhusika aitwaye Gaster, ambaye mchezaji aweza kuumaliza mchezo mzima asimwone wala asilisikie jina lake. Habari zake husimuliwa na wahusika wachache wa rangi ya kijivu, nao hutokea kwa nadra na kwa bahati tu: kwamba alikuwa mwanasayansi wa mfalme, na kwamba alitoweka. Basi.

Pengo hilo mashabiki wamelijaza wenyewe. Sans na Papyrus wana majina ya miundo ya herufi za kompyuta, na jina la Gaster nalo lina dalili za kutokana na miundo kama hiyo. Kwa hiyo wengi wamekata shauri kwamba watatu hao ni jamaa moja. Zimechorwa katuni nyingi zinazomfanya Gaster baba wa ndugu hao, au muumba wao aliyewafanyia majaribio ya kikatili. Mchezo haukusema hayo hata mara moja.

Barazani kijana mmoja alishikilia kwamba Gaster wa katuni aliwatesa ndugu hao kwa kuwa hakujua kupenda. Wa pili akasema la, aliwapenda ila aliogopa. Ubishi ulikuwa mzuri, kila mmoja akitoa ushahidi wa picha hii na ile, mpaka wa tatu aliposema: "Yote hayo si kanoni." Wote wakanyamaza. Mmoja wao, aliyekuwa amechora kurasa zake chache katika daftari la shule, akalifunga daftari lake. Neno moja lilikuwa limemaliza mazungumzo, na hapana hata mmoja aliyeweza kulieleza maana yake kwa Kiswahili.

Tulitazame basi neno hilo. Kwa wapenzi wa visa, kanoni ni jumla ya yale yanayohesabiwa kuwa yametokea kweli ndani ya kisa. Matumizi haya yana historia. Mwaka 1911 Ronald Knox, mwanachuoni wa Oxford, alitunga insha ya mzaha akavichambua visa vya Sherlock Holmes kwa mbinu zile zile walizotumia wachambuzi wa Biblia. Wapenzi wa Holmes wakazoea kuviita visa 60 vya Arthur Conan Doyle kwa jina la orodha ya vitabu vitakatifu. Kilichoanza kama mzaha leo husemwa kwa uso mkavu.

Kwa asili yake, neno hili si geni kwetu. Wayunani walilitumia kwa ufito ulionyooka wa kupimia. Waarabu walilichukua, nasi tukalipokea kwao likawa kanuni. Na hapa Unguja kanuni ni pia ala ya nyuzi nyingi ipigwayo katika taarabu. Kijana asemaye kanoni amelileta nyumbani neno lile lile kwa mlango wa pili.

Je, hatuwezi kusema kanuni tu, tukaishia hapo? Hatuoni kama yafaa. Kanuni kwetu ni amri au utaratibu, na kanuni za mchezo ni jambo linalofahamika na kila mwenye kwenda uwanjani. Ukisema kwamba habari za baba wa Sans "si kanuni ya mchezo", msikilizaji atadhani kuna mtu aliyecheza rafu.

Wako wanaopendekeza sahihi. Neno hili lina heshima kubwa kwetu, kwani wanavyuoni wa Hadithi walilitumia kwa mizani iliyo wazi: hadithi sahihi, hasan na dhaifu, baada ya kuichunguza isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, na matini, yaani maneno yenyewe. Twasema kwa unyenyekevu kwamba istilahi za elimu hiyo zibakie mahali pake. Si adabu kuzivisha viunzi vya mifupa. Tena, katika maneno ya kila siku kinyume cha sahihi ni kosa. Mchoraji wa katuni atakuwa amekosea kabla hajasomwa.

Hata hivyo, yako mafunzo tunayoweza kuyachukua katika mizani ile bila ya kuyachukua majina yake. Nayo ni kwamba swali la nani kasema ni mbali na swali la je, yaingia akilini? Hapa ndipo ilipo kasoro ya neno kanoni: lataka kuyajibu maswali yote mawili kwa mkupuo mmoja. Kijana wa tatu alijibu swali la kwanza, nalo alilijibu vyema. Lakini wenzake walikuwa wakiulizana la pili.

Kwa swali la kwanza twapendekeza kisa chenyewe. Mzizi -enyewe una faida mbili: waonyesha kitu hasa, na wamkumbusha mwenyewe, yaani mwenye mali. Ukisema "Hilo halimo katika kisa chenyewe," hapana Mswahili atakayehitaji kamusi. Kwa swali la pili tunalo neno yumkini, na katika maneno ya kawaida ya Unguja, yaelekea. Upendo wa Gaster haumo katika kisa chenyewe, lakini yaelekea, au haielekei. Sasa ubishi waweza kuendelea.

Wapo watakaosema kwamba tungefuata mfano wa wafasiri, wenye lugha chanzi na matini chanzi, tukaunda kisa chanzi. Neno hilo si baya, ila lafaa pale ambapo kitu kimoja kimehamishwa kutoka mahali hadi mahali. Shabiki hahamishi; anaongeza.

Kuongeza huko kusionekane kuwa ni jambo la kigeni. Abunuwasi alikuwa mshairi wa Baghdad, lakini Abunuwasi wa ngano zetu kila bibi alimzidishia ujanja wake, wala hapana aliyeuliza kisa chenyewe kiko wapi. Bwana Msa ni habari nyingine. Yeye ana mwenyewe, marehemu Muhammed Said Abdulla, aliyemleta kwa wasomaji katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960 na kufariki dunia mwaka 1991. Akitokea leo mtu kumwandikia Bwana Msa kisa kipya, tutakisoma kwa furaha, ila hatutakihesabu pamoja na vile vya mwanzo. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, imezaa filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, nayo imeyaweka mapenzi ya Yasmin na Denge katikati ya mambo yote. Aliyesoma kitabu ana haki ya kusema kwamba Yasmin wa filamu si yule wake. Hana haki ya kusema kwamba ni Yasmin wa uongo.

Ndiyo maana twayakataa maneno bandia na feki kwa katuni hizi. Bandia ni kitu kinachojidai kuwa kingine ili kudanganya. Mchoraji wa Jang'ombe hamdanganyi mtu. Kazi yake iitwe katuni ya shabiki, na hadithi iliyomo kisa cha shabiki.

Limebaki neno moja. Vijana wale walisema pia "motisha ya Gaster". Motisha, kama ilivyozoeleka maofisini, ni posho au zawadi ya kumtia mfanyakazi hamu ya kazi. Nasi tulijiuliza Gaster alilipwa nini. Kiswahili kina maneno matatu yaliyo bora. Sababu ni jambo la nje lililotangulia tendo. Nia ni alikusudialo mtendaji, naye analijua. Msukumo ni nguvu iliyo ndani yake, na huenda mwenyewe haijui. Yasmin anapoikimbia nyumba ya mume mzee asiyempenda, sababu yake yaonekana na kila msomaji. Nia yake huundika polepole. Msukumo wake ndio unaowafanya wasomaji wabishane mpaka leo. Vivyo hivyo, wawili wale wa barazani hawakupingana kama walivyodhani: mmoja alisema juu ya nia ya Gaster, mwingine juu ya msukumo wake.

Hatudai kwamba maneno haya yatapokewa yote. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, na tangu hapo wasemaji wake wamekuwa wakipelekewa istilahi nyingi zilizotungwa mbali na mabaraza yao. Mara hii twaomba kamati za istilahi ziende zikasikilize kwanza, kwani mjadala unaendelea, tena kwa Kiswahili, ukikwama kwa maneno mawili matatu tu. Wasomaji wenye maneno bora kuliko haya watuletee, nasi tutayachapa.