Andateka Mpakani: Uhakiki wa Kumbukumbu za Mieleka ya Runinga miongoni mwa Mashabiki wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki masimulizi ambayo watu wa makamo wa Busia na Tororo huyatoa wanapokumbuka mieleka ya kulipwa ya Marekani ya mwisho wa miaka ya tisini. Yanadai kwamba masimulizi hayo ni utanzu hai wa fasihi simulizi ya mpakani, kwamba wajenzi wake ni mfasiri wa kibanda na hadhira yake kuliko shirika lililotoa kanda, na kwamba utanzu huu una upofu wake ambao mhakiki hana budi kuutaja.

Utangulizi

Jioni, pale waendeshaji bodaboda wa Busia wanapongoja abiria wa mwisho wa kuvuka, hutokea mtu mmoja akauliza kama wenzake wanamkumbuka Andateka. Jina la bodaboda lenyewe lilizaliwa kwenye mpaka huu, kwa hiyo haishangazi kwamba masimulizi mengine ya mpaka pia yanakaa kwenye viti vya pikipiki. Swali likishaulizwa, kazi inasimama. Mmoja atasimulia jeneza lilivyofunguka, mwingine atamkosoa kuhusu rangi ya moshi, wa tatu ataapa kwamba Andateka alikufa mara saba na kufufuka mara saba. Hakuna anayeuliza kama mambo hayo yalikuwa ya kweli. Swali hilo lilikwisha zamani, na waliolishikilia huonekana kama watu wasiojua kusikiliza hadithi.

Wahakiki wetu wamepita hapa bila kusimama. Waliotaja mieleka ya runinga wameitaja kama mfano wa ubeberu wa kitamaduni, yaani takataka za Marekani zilizomwagwa kwa vijana wasio na kinga. Upande wa pili wako mashabiki wenyewe, ambao kwao enzi hiyo ilikuwa tamu na haina la kukosolewa. Sikubaliani na upande wowote. Wa kwanza hawakusikiliza kilichosemwa ndani ya kibanda; wa pili wamesahau kwa makusudi baadhi ya yaliyosemwa.

Kanda zilizochelewa na fanani aliyezipanga

Ni lazima kwanza tuelewe namna hadithi zilivyofika. Shirika la World Wrestling Federation, lililojulikana kwa herufi zake WWF, lilikuwa likitunga visa vilivyoendelea wiki baada ya wiki, kila kipindi kikiegemea kilichotangulia. Mtazamaji wa Marekani alikula hadithi kwa mfululizo. Mtazamaji wa Busia au Tororo aliipata kwa vipande: kanda ya video iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, iliyosafiri kutoka Nairobi au Kampala, ikafika baada ya miezi na mara nyingi nje ya zamu yake. Kisasi kilitangulia kosa. Mtu aliyeonekana rafiki leo alikuwa adui juma lililopita, na kanda iliyoeleza sababu haikufika kamwe.

Pengo hilo lilizibwa na mfasiri. Kila shabiki wa filamu katika Afrika Mashariki anaijua sauti hiyo: nchini Uganda ni wale wanaoitwa vijei, wengi wao wakitumia Kiganda, nchini Kenya jina kubwa ni DJ Afro, Tanzania ilikuwa na Lufufu. Hao ndio wenye majina. Katika vibanda vidogo vya mpakani alikuwepo mara nyingi mtu asiye na jina kubwa, mwenye kipaza sauti kibovu, aliyekabiliwa na hadhira ya Wasamia, Wateso, Wapadhola, Wakhayo na wafanyabiashara kutoka kila upande. Lugha gani ingewafaa wote? Kiswahili kilifanya kazi hiyo pale ambapo Kiganda kilikomea, kikichanganywa bila haya na chochote kilichokuwa karibu. Mimi mwenyewe nilimsikia mfasiri mmoja akimpa mwanamieleka methali za kumjibu mpinzani wake, ilhali mdomo wa mtu huyo kwenye skrini ulikuwa umefungwa.

Hapo ndipo nadharia ya tafsiri iliyozoea maandishi inapotuacha. Mfasiri wa kibanda hakuwa akihamisha ujumbe kutoka lugha moja hadi nyingine. Alikuwa fanani kwa maana kamili: alipewa picha, akatunga sababu. Alipanga upya nani ni stelingi na nani ni adui, akaunganisha kanda ya mwaka 1998 na ya mwaka 1992 kama sura mbili za kisa kimoja, na hadhira ikamkubalia kwa sharti moja tu, kwamba asijipinge wiki ijayo. Ninapowasikiliza mashabiki leo, mpangilio wanaoukumbuka ni wa mfasiri huyo. Ndiyo maana shabiki wa Tororo na shabiki wa Busia wanaweza kubishana vikali juu ya kisa kilekile, wote wakiwa sahihi.

Majigambo yalikuwa mepesi kupokelewa. Mwanamieleka anayeshika kipaza sauti na kujisifu kabla ya pambano hahitaji utangulizi kwa hadhira iliyolelewa na majigambo na vivugo. Steve Austin alipompiga mwajiri wake, Vince McMahon, jukwaani New York mnamo Septemba 22, 1997, kisa cha mfanyakazi dhidi ya bosi kilieleweka mara moja kwa watu waliokuwa wakiishi katika muongo wa kupunguzwa kazini. Sitakaa sana hapo. Jambo hilo ni wazi, na huenda ndilo lililoandikwa zaidi kuhusu enzi hiyo popote duniani.

Ndugu wawili, moto na jeneza

Palipo na utajiri ni kwenye kisa cha The Undertaker na Kane. Kwa ufupi: Undertaker, mzishi asiyeonyesha maumivu, anatuhumiwa na meneja wake wa zamani, Paul Bearer, kwamba aliichoma nyumba ya familia yao, ambayo pia ilikuwa mahali pa kuandalia maiti. Wazazi waliangamia. Ndugu mdogo aliyedhaniwa kufa naye alikuwa hai, amefichwa, ana makovu, amevaa kinyago. Mnamo Oktoba 5, 1997, Kane alijitokeza St. Louis, akaung'oa mlango wa kizimba na kusimama mbele ya kaka yake.

Wahakiki wa Magharibi wamekiita kisa hiki upuuzi wa kuvutia. Lakini mashabiki wa mpakani hawakisimulii kama upuuzi. Wanakisimulia kama kesi. Nani alikuwa na haki ya kuwazika wazazi? Je, mtoto aliyefichwa na kulelewa na mtu wa nje bado ni wa ukoo? Kaka anapokataa kumpiga ndugu yake, je, ni upendo au ni kukiri kosa? Nimewasikia watu wazima wakigawanyika juu ya maswali haya kwa hoja ambazo zingefaa barazani. Hadithi iliyotungwa ili kuuza tiketi ilipata, katika masikio ya watu wanaojua ugomvi wa makaburi na urithi, uzito ambao watunzi wake hawakuukusudia.

Kuna jambo zito zaidi, nami nalisema kwa tahadhari. Mwisho wa miaka ya tisini ulikuwa wakati wa majeneza katika miji ya mpakani. UKIMWI ulipita njia ya malori kutoka Mombasa hadi Kampala na ukapumzika Busia na Malaba kama madereva wenyewe. Watoto waliolipa sarafu chache kuingia kibandani walikuwa wakitoka matangani. Kwenye skrini wakamwona mtu mrefu aliyevaa nguo nyeusi akifungiwa ndani ya jeneza, kisha akarudi. Mashabiki huitaja idadi ya vifo vya Andateka kwa kicheko, na mara saba imekuwa kama kanuni ya imani. Sidhani kicheko hicho ni chepesi. Ni nadra mtu kusema wazi kwa nini hadithi ya kurudi ilipendwa kuliko ya ubingwa, ingawa mikanda ya ubingwa imesahauliwa karibu yote na jeneza halijasahauliwa na yeyote.

Kamala wa Mississippi

Nilisema utanzu huu una upofu. Upofu wenyewe una jina: Kamala.

WWF ilimtangaza kama Jitu la Uganda. Alipanda ulingoni peku, uso umepakwa rangi, nyota na mwezi vimechorwa kwenye mwili, ana mkuki na kinyago. Hakuongea. Alijipiga tumbo. Hakujua hata namna ya kumlaza mpinzani chali ili ahesabiwe, ikabidi mwangalizi wake amwelekeze. Hadithi yake ya awali ilidai kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Aliyekuwa nyuma ya rangi hizo ni James Harris, Mmarekani mweusi kutoka Mississippi, aliyepewa uhusika huo Memphis mwaka 1982, miaka mitatu tu baada ya Amin kuanguka. Alipambana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, Agosti 1992, kisha katika pambano la jeneza Novemba mwaka huohuo. Alifariki mwaka 2020, baada ya kisukari kumpotezea miguu yote miwili.

Kwa kuwa kanda zilifika bila mpangilio, Kamala katika kumbukumbu za mpakani ni wa rika moja na Austin na Kane. Na hapa mpaka unajitokeza. Upande wa Kenya, jina lake lilikuwa tusi. Nilipokuwa mtoto tulilirusha ng'ambo, kuelekea mtaa wa Sofia, kwa watoto ambao huenda walikuwa binamu zetu. Upande wa Uganda nimesikia simulizi mbili zisizopatana: moja inasema kwamba kibanda kizima kilimshangilia kwa sababu ni wa nyumbani, nyingine inasema watu waliinamisha vichwa. Leo wasimulizi wengi humruka. Wakikumbushwa, hucheka na kuhamia kwa mwingine.

Kuruka huko ndiko ninakokukosoa. Mfasiri aliyeweza kumpa mtu aliyefunga mdomo methali za kwetu angeweza kumpa Kamala maneno. Alikuwa mhusika pekee aliyedaiwa kutoka kwao, naye ndiye aliyeachwa bubu. Nakiri kwamba huenda wako waliofanya hivyo na sauti zao zikapotea; basi huo ni uthibitisho wa hasara ninayoizungumzia, si hoja ya kuipinga. Na Harris mwenyewe, mtu mweusi wa kusini mwa Marekani aliyelipwa kuigiza Mwafrika asiye na lugha, anastahili kusimuliwa nasi kwa upole kuliko tulivyosimulia.

Kifo kisichokuwa na picha

Mnamo Mei 23, 1999, mjini Kansas City, Owen Hart alianguka kutoka darini alipokuwa akishushwa ulingoni kwa kamba, akafa. Watazamaji wa runinga hawakuonyeshwa anguko hilo, na mtangazaji Jim Ross alilazimika kuwaambia kwamba jambo hilo halikuwa sehemu ya maigizo. Shirika halikuiuza kanda ya onyesho hilo.

Kwa hiyo mpakani habari ilifika kama uvumi mtupu, bila kanda ya kuithibitisha, kwa hadhira iliyofunzwa na Andateka kwamba wafu hurudi. Wapo waliomngoja Owen. Msimulizi mmoja aliniambia kwamba alimngoja hadi alipomaliza shule ya msingi. Ninaona kwamba hili ndilo tukio pekee ambalo mashabiki husimulia wakipunguza sauti, na ndilo pekee ambalo husema kwanza, kabla ya yote, kwamba lilikuwa kweli. Fanani hakuwa na picha ya kupanga, hivyo hakupanga chochote. Tunapata hapo mpaka wa utanzu mzima.

Suala la sera

Katiba ya Uganda iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2005 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Pingamizi inayosikika kila mara ni kwamba kwa Waganda wengi Kiswahili kina kumbukumbu ya jeshi na amri. Ni kweli. Lakini Tororo na Busia kina kumbukumbu nyingine pia, ya giza la kibanda na benchi la mbao, ambako hakuna aliyekiamrisha. Washauri wa sera wanaotafuta mahali pa kuanzia wamekuwa wakitafuta vitabu. Wasimulizi hawa wanavuka miaka arobaini sasa, na wafasiri waliowafunza ni wazee kuliko wao. Sauti zao za papo kwa papo hazikurekodiwa, kwa kuwa kanda zenyewe zilikuwa nakala zisizo na kibali na hakuna hifadhi iliyotaka kuzigusa.

Kurekodi masimulizi ya mashabiki hakuhitaji kanda hizo wala ruhusa ya mwenye hakimiliki. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao Zanzibar, pamoja na vyuo vya pande zote mbili za mpaka, vinaweza kuanza na kinasa sauti na mtu anayejua Kisamia, Kiteso na Kidhopadhola. Sharti langu ni moja: unukuzi usisafishe. Msimulizi akisema Andateka, iandikwe Andateka. Akitoka kwenye Kiswahili na kuingia Kiteso katikati ya jeneza, abaki humo mpaka atoke mwenyewe. Na anayeuliza maswali amtaje Kamala, kisha anyamaze vya kutosha.