Mbona Kunguru Kawahi?

Kiswahili kina maneno mawili ya kudai sababu, na wengi wetu huyatumia kana kwamba ni mapacha. Anayeuliza "kwa nini" hajui kitu, anataka kuelezwa. Anayeuliza "mbona" ana jambo mkononi tayari: alitarajia hivi, limetokea vile, na anayeulizwa anajua kwamba amekamatwa. "Kwa nini mlango uko wazi?" huulizwa na mgeni. "Mbona mlango uko wazi?" huulizwa na yule aliyeufunga mwenyewe.

Watu walioufikisha ufundi wa mbona mahali pa juu kabisa, kwa maoni yangu, si mawakili wala wakaguzi wa hesabu. Ni mashabiki wa tamthilia, hasa zile za majoka na wachawi. Niliwadharau miaka mingi. Kilichonigeuza ni uzi wa kushonea.

Ilikuwa Agosti 2017, kwenye kibanda cha rafiki yangu fundi simu, Mwananyamala. Laptop ilikuwa imesimamishwa juu ya boksi la chaja mbovu, nasi tukitazama sehemu ya sita ya msimu wa saba wa Game of Thrones. Jon Snow na wenzake wachache wamevuka Ukuta wa kaskazini kwenda kukamata maiti moja inayotembea, wakaishia kuzingirwa juu ya jiwe katikati ya ziwa la barafu. Barafu imepasuka pande zote, na jeshi la wafu limesimama ukingoni likingoja maji yagande tena. Kabla ya hapo Gendry, kijana mwenye miguu myepesi, ametumwa arudi mbio hadi ngome ya Eastwatch. Kutoka ngomeni akarushwa kunguru na barua, kuelekea kisiwa cha Dragonstone, mbali sana kusini. Daenerys, malkia mwenye majoka, akasoma, akapanda joka lake, akafika kabla waliozingirwa hawajamalizwa.

Fundi aliweka koleo chini. "Kaka, huyu kunguru kapanda ndege?"

Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye alikwenda kwa mshonaji wa jirani, akarudi na kipande cha uzi mwekundu, akafungua ramani ya Westeros, bara la hadithi hiyo, kwenye kioo. Alianza na Ukuta. Vitabu vya George R. R. Martin, vilivyozaa tamthilia hiyo, vinasema Ukuta huo una urefu wa maili 300, yaani kilomita 480 hivi, toka mwisho mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo Ukuta ndio rula, na hii si akili yake peke yake. Wapenzi wa vitabu hivyo wamekuwa wakipimia bara zima kwa kipimo hichohicho. Alilaza uzi juu ya Ukuta, akaubana kwa kucha, akashuka nao hatua kwa hatua hadi Dragonstone. Hatua sita, kwa makisio yake. Mpe kunguru kilomita 60 kwa saa, asile, asilale, asitue hata kwenye tawi: siku mbili. Ongeza mbio za Gendry kwenye theluji. Ongeza safari ya joka kurudi kaskazini. Kisha akarudi kwenye jiwe la ziwani, ambako hadithi yenyewe imeonyesha usiku mmoja ukipita na mtu mmoja, Thoros, akikutwa amekufa kwa baridi asubuhi.

"Wamekaa pale siku ngapi?" aliuliza. "Wamekula nini? Na barafu imechukua siku ngapi kuganda?"

Tulijadili barafu kwa saa nzima, sisi ambao barafu tunaijua ndani ya friji na kwenye ndoo ya muuza soda. Tulitafuta, tukakuta kwamba barafu safi ya kumbeba mtu anayetembea inatakiwa iwe na unene wa sentimita kumi hivi. Tukairudisha picha pale Sandor Clegane, mmoja wa waliozingirwa, anapowatupia wafu mawe. Jiwe moja linakosa, linaangukia ziwani, halizami, linateleza. Mfu mmoja analitazama, kisha anakanyaga. Nilikuwa nimeshaiona mara mbili picha hiyo bila kuelewa kwamba lile jiwe ndiyo saa ya ukutani. Mtunzi alikuwa ametupa kipimo cha muda bila kutamka neno, na mtu aliyenionyesha ni mtafuta makosa.

Mama mmoja aliyeleta simu kubadilishiwa kioo alikuwa amekaa kwenye benchi akitusikiliza. Uvumilivu ulimwishia. "Wanangu, mnyama anayetema moto mmemkubali. Kunguru ndiye anawashinda?"

Hilo ni swali zuri kuliko wanavyodhani wanaoliuliza kwa kejeli. Fundi alimjibu kwa heshima. "Mama, joka tuliambiwa tangu mwanzo lipo. Tukakubali. Lakini kunguru naye tuliambiwa ni kunguru. Na katika misimu ya mwanzo mtu akitoka kaskazini kwenda mji wa mfalme, ni mwezi mzima njiani."

Mama alifikiri. "Kumbe kama kikoba. Katiba mnaandika wenyewe, riba mnapanga wenyewe. Mkishaandika, basi."

Sijawahi kusoma mhakiki aliyelisema vizuri zaidi. Shaaban Robert aliiweka nchi nzima angani, akaiita Kusadikika, na sijasikia msomaji akiuliza inaelea kwa nguvu gani. Hiyo ni katiba. Sasa mhusika wa nchi hiyo angeanguka kutoka angani ukurasa wa kumi akafa, kisha ukurasa wa arobaini mwingine akaanguka akajikung'uta vumbi, hapo ungesikia mbona kutoka Tanga hadi Kigoma.

Alan Taylor, aliyeongoza sehemu ile ya ziwani, alikubali baadaye kwamba muda waliuacha uwe na ukungu kidogo, wakitumaini mbio za hadithi zingembeba mtazamaji. Wengi zilitubeba. Fundi hazikumbeba, kwa sababu alikuwa ameshika uzi.

Lazima niseme kwamba ufundi huu una vishoka wake, na ni wengi. Mei 2019, katika sehemu ya nne ya msimu wa mwisho, kikombe cha kahawa cha zama zetu kilisahauliwa mezani mbele ya Daenerys, na kwa siku kadhaa dunia haikuwa na habari nyingine. HBO, wenye tamthilia, wakakifuta kwenye picha. Kikombe si tundu la hadithi. Ni uzembe wa mtu mwenye njaa ya usingizi kazini, na hakuna mhusika hata mmoja anayebadilika kwa ajili yake. Vivyo hivyo kuna anayesema "hapa pana tundu" akiwa na maana kwamba mtu aliyempenda kafa. Kuna anayeuliza jambo ambalo lilijibiwa alipokwenda kuchemsha chai. Fundi halisi, kabla hajafungua mdomo, anarudi kutazama tena. Anatafuta kwanza jibu la kumtetea mtunzi, na analitafuta kwa bidii kuliko mtunzi mwenyewe. Akishindwa ndipo anasema mbona. Baharini kuna mafundi wa kukalafati, wanaopita ubavuni mwa jahazi lililopandishwa pwani wakipapasa maungio ya mbao, pamba mkononi. Hawapapasi kwa sababu wanalichukia jahazi.

Bora ya kazi zote za namna hii ilifanywa kabla tamthilia haijakuwepo. Kitabu cha kwanza cha Martin, A Game of Thrones, kilitoka 1996. Ndani yake Eddard Stark, mtu anayesifiwa na marafiki na maadui kwa uadilifu, anamlea Jon, mtoto wa nje ya ndoa, na hataki kusema mama yake ni nani. Msomaji wa kawaida anaona udhaifu wa kibinadamu, anasonga mbele. Wa mbona anasimama. Mbona mtu wa namna hii?

Halafu wasomaji wa namna hiyo wanakuja kwenye ndoto. Eddard, homa ikimchemsha kwa ajili ya mguu uliovunjika, anauota mnara milimani ambako zamani alikwenda na wenzake sita kumtafuta dada yake Lyanna. Mlangoni wamesimama walinzi watatu wa mfalme, na mmoja wao ndiye mkuu wa walinzi wote. Hapa ndipo pana jambo la ajabu. Vita vimekwisha. Mwana wa mfalme, Rhaegar, ameuawa vitani mtoni. Mfalme Aerys ameuawa mbele ya kiti chake. Viserys, mtoto wa mfalme aliyebaki hai, amekimbiziwa Dragonstone. Walinzi walioapa kufa wakimlinda mfalme wako wapi siku zote hizo? Wako milimani, wanalinda mnara wenye mwanamke mmoja ndani. Ukitaka tundu la hadithi, hilo hapo, unaweza kupitisha ngamia. Tena Eddard mwenyewe, ndani ya ndoto, anawauliza: niliwatafuta huku sikuwaona, niliwatafuta kule sikuwaona. Mwandishi amemvika mhusika wake mbona yetu.

Wasomaji wa miaka ile ya tisini waliipapasa mbao hiyo mpaka ikafunguka. Kama walinzi wa mfalme hawajavunja kiapo, basi mnarani mlikuwa na mfalme. Lyanna alifia kitandani penye damu, akimwapisha kaka yake ahadi ambayo kitabu hakiitaji. Mwanamke hufia damuni hivyo akizaa. Mtoto ni wa Rhaegar. Na mtoto aliyeletwa nyumbani na mjomba wake, akaitwa haramu ili asiuawe, ni Jon. Eddard hakuwa amekosa uadilifu hata siku moja; alikuwa ameutoa sadaka. Watu hao hawakuwa na chochote zaidi ya kitabu na ukaidi. Tamthilia ilikuja kuwathibitishia tarehe 26 Juni 2016, sehemu ya mwisho ya msimu wa sita, miaka 20 baada ya kitabu. Martin mwenyewe amesimulia kwamba David Benioff na D. B. Weiss walipomfuata wakiomba kuitengeneza tamthilia, swali alilowapima nalo lilikuwa hilohilo: mama yake Jon ni nani? Walijibu sawa. Kwa maneno mengine, nao walipewa kazi kwa sababu walijua kusoma kama mashabiki.

Ndiyo maana misimu ya mwisho iliuma kuliko inavyostahili kuuma tamthilia. Watu husema mashabiki walikasirishwa na makosa. Mimi naona walikasirishwa na kunyang'anywa kazi. Mlinzi kusimama mahali asipopaswa ni dalili pale tu ambapo walinzi wengine wote wako mahali pao. Siku kunguru anapofika wakati wowote anaotakiwa, hakuna tena kuchelewa wala kuwahi kunakomaanisha kitu. Mei 2019 manowari za adui aitwaye Euron ziliibuka nyuma ya mwamba zikalitungua joka la pili la Daenerys, naye alikuwa hewani, mwenye macho, mchana kweupe. Zamani tungekesha: mbona hakuziona? Kuna msaliti? Kuna uchawi? Benioff alieleza katika mahojiano yaliyofuata sehemu hiyo kwamba Daenerys alikuwa kama amezisahau zile manowari. Amesahau! Na mezani penye ramani, katika sehemu hiyohiyo, zilitajwa mbele yake. Fundi aliposikia maelezo hayo alizima laptop taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la kutaka msimu wote wa mwisho utengenezwe upya. Mimi sikutia. Msikilizaji ana haki ya kumkatiza msimulizi, hana haki ya kumnyang'anya mkeka.

Msimulizi hodari, kwanza, hukatizwa akacheka. Katika sehemu ya kwanza ya riwaya ya Don Quixote, iliyotoka 1605, punda wa mhusika Sancho anaibwa, halafu Sancho anaonekana amempanda kana kwamba hakuna kilichotokea. Wasomaji walipiga kelele. Mwandishi wake, Cervantes, katika sehemu ya pili ya 1615, aliwaingiza wahusika wenyewe katika mjadala, na Sancho akajibu kwamba labda mwandishi alikosea, au ni mchapaji. Martin naye amekiri hadharani kwamba kuna farasi wake aliyebadilika jinsia kutoka kitabu kimoja hadi kingine, na kwamba anapotaka kuhakikisha jambo la ulimwengu wake huwauliza Elio García na Linda Antonsson, mashabiki wawili waishio Sweden. Mwaka 2014 walitoa naye kitabu cha historia ya ulimwengu huo, majina matatu kwenye jalada. Mtunzi ameona heri awape mashabiki ufunguo wa ghala.

Fundi aliapa 2019 kwamba amemalizana na majoka. Nilimwamini kwa miaka mitatu. Oktoba 2022, House of the Dragon, tamthilia mpya ya ulimwengu uleule, ikiwa sehemu ya tisa, simu yangu ililia saa saba usiku. Mhusika mmoja, Rhaenys, alikuwa ameibuka na joka lake kutoka chini ya sakafu, katikati ya kutawazwa kwa Aegon, maadui zake wote wamesimama mstari mmoja mbele ya mdomo wa moto. Joka likanguruma. Rhaenys akageuza, akaenda zake.

"Kaka," aliandika, "mbona hakuwachoma?"

Nilimjibu nikiwa kitandani kwamba wale ni ndugu zake, na mwanamke yule hakutaka kuwa wa kwanza kumwaga damu ya ukoo.

Kimya kidogo. Kisha: "Sawa. Na wale raia aliowaponda wakati sakafu inapasuka?"

Niliwasha taa, nikakaa kitako.