Kudunga, Kufoka na Kuzuia: Uhakiki wa Istilahi za Maji ya Ardhini

Mfasiri wa maandishi ya ujenzi habadili maneno tu; humwonyesha msomaji kitakachotendeka katika ardhi yake. Makala hii yakusudia kuhakiki majina ya mbinu moja ya kudhibiti maji ya ardhini, ambayo kwa matamshi ya kigeni huitwa "jeti grautingi". Mifano yetu ni ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Huko Ngara umejengwa mradi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, wa megawati 80, unaomilikiwa na Tanzania, Rwanda na Burundi. Biharamulo nako dhahabu ilianza kuzalishwa katika mgodi wa Tulawaka mwaka 2005. Palipo na uchimbaji wa namna hiyo, hapana budi maji ya ardhini yatajwe.

Tuieleze kwanza mbinu yenyewe, iliyoendelezwa Japani hasa katika miaka ya 1970. Bomba hushushwa ndani ya shimo jembamba. Kutoka katika tundu dogo ubavuni mwake, rojo ya saruji na maji hufoka kwa shinikizo kubwa mno. Bomba huzungushwa huku likipandishwa polepole. Mfoko huo hukata udongo na kuukoroga pamoja na rojo. Mchanganyiko ukishaganda, huwa nguzo ya udongo-saruji. Nguzo zikijengwa kwa kuingiliana, huwa pazia la kuzuia maji yasipenye.

Sasa tuyapime majina. La kwanza ni "jeti". Kwa Mswahili wa kawaida, jeti ni ndege. Ukiandika "saruji ya jeti", msomaji atatazama angani ilhali kazi yenyewe iko chini ya miguu yake.

La pili ni "kudunga saruji". Neno hili ni zuri, lakini ni la kazi nyingine. Anayedunga huingiza kitu katika nafasi iliyopo, bila kuuvunja mwili unaokipokea. Ndivyo ifanyikavyo katika mwamba wenye nyufa: hutobolewa, kisha rojo husukumwa ikajaza nyufa. Mfoko haukati mwamba mgumu, wala kudunga hakukorogi udongo. Mahali kama Rusumo, penye mwamba wa maporomoko, na mahali penye udongo laini, hapafai kupewa istilahi moja. Atakayezichanganya atamfanya msomaji wa mkataba aidhinishe kazi asiyoikusudia.

La tatu, nalo ndilo lenye hatari zaidi, ni "kuzuia maji". Tuchukue tangazo la kijiji lisemalo kwamba mkandarasi "atazuia maji". Mwanakijiji ataelewa kwamba bomba litafungwa. Hata "kudhibiti maji" pekee hakutoshi, kwani kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuyavuta kwa pampu, na hapo kina cha maji hushuka, visima vya jirani vikaweza kukauka. Ya pili ni kujenga pazia, ili maji yabaki nje ya shimo. Hapo visima huwa na salama zaidi, ingawa mkondo wa maji waweza kugeuka. Mwenye kisima ana haki ya kujua ni ipi kati ya hizo, na ofisa anayesoma tafsiri tu hawezi kumjibu ikiwa tafsiri imeficha tofauti hiyo.

Tunapendekeza basi: "kudunga rojo" kwa kazi ya nyufa na vinyweleo, "kukoroga udongo kwa mfoko wa rojo" kwa mbinu tuliyoieleza, "nguzo za mfoko" kwa zao lake, "pazia la ardhini" kwa ukuta wake, na "kuteremsha maji kwa pampu" kwa njia ile nyingine. Huenda wengine wakaona majina haya ni marefu. Matumizi yatayafupisha yenyewe. Lakini jina fupi linalopotosha halifupishwi na matumizi. Huzidi kuota mizizi. Walimu wa ufundi na wafasiri wayajaribu kazini, na penye neno bora kutoka kwa mafundi wenyewe, lipokewe.