Radhi na Shukrani katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona umesomwa sana, na yamkini ndiyo sababu mara nyingi umesomwa kwa haraka. Tangu Alice Werner na William Hichens walipoutoa katika kitabu mwaka 1934, kwa jina la Kiingereza ambalo maana yake ni mawaidha ya Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke, wasomaji wengi wameuendea wakiutafuta huo wajibu, nao wameuona, maana upo. Wako waliouona wakaupenda, wakawasomesha binti zao. Wako waliouona wakachukizwa, wakasema ni pingu za wanawake zilizotiwa vina. Makundi haya mawili hayapatani, walakini yamekubaliana katika jambo moja, kwamba utendi huu ni orodha ya amri. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba sivyo. Nauona kuwa ni ushahidi wa mjane juu ya neno aliloambiwa nyumbani mwake, na amri zote zimetungwa kulizunguka neno hilo.

Habari za mtungaji zajulikana kwa kiasi. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mzaliwa wa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, yule aliyeisumbua Unguja katika miaka ya 1840 kwa kukataa kumtii Sayyid Said. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliofariki adui yake. Utendi ulitungwa mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858, na mtungaji mwenyewe ameitaja tarehe hiyo katika beti za mwisho, pamoja na hesabu ya beti zake, mia na mbili. Basi aliyekuwa akitunga alikuwa mjane wa miaka miwili, tena mgonjwa; asema maradhi yamemshika hata mwaka umetimia. Mtu wa hali hii haandiki kitabu cha adabu kwa ajili ya kujipatia sifa. Anaweka mambo yake sawa kabla ya safari.

Tazama jinsi anavyoanza. Amwita binti yake, Mwana Hashima, asogee karibu na wino na karatasi. Chumba chote tunakiona katika vitu vichache hivyo: mgonjwa kitandani, binti ameketi, kalamu inangoja. Baada ya kumtaja Mungu na kumsalia Mtume, ampa mwanawe vitu viwili vya kuvaa. Cha kwanza ni hirizi, ambayo yapasa ifungwe vema kwa uzi. Cha pili ni kidani cha lulu na marijani ambacho mama atamtungia mwenyewe. Hirizi ni kinga, kidani ni pambo, na vyote viwili huvaliwa mwilini kila siku, hata mvaaji akasahau kwamba amevivaa. Hapo ndipo Mwana Kupona alipoiweka dini: shingoni mwa binti anayekwenda jikoni, anayefagia, anayempokea mume mlangoni. Haiweki katika darasa la wanazuoni. Kwa hiyo nasema kwamba wanaoigawa kazi hii mafungu mawili, fungu la ibada na fungu la nyumba, wanakata kwa kisu kitu ambacho mtungaji alikishona.

Neno linaloushika utendi wote ni radhi. Mama amwambia binti kwamba kiumbe anahitaji radhi tano ndipo apate raha: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Wengi wakifika hapa huruka moja kwa moja hadi ya tano, kama kwamba zile nne ni ngazi ya kupandia. Lakini angalia nani anasema. Baba wa binti amekwisha kufa. Mama, ambaye ni wa nne katika hesabu, ndiye huyu anayetunga, naye yu karibu kumfuata. Utendi wenyewe, basi, ni radhi ya nne inayotolewa. Haizungumzi juu ya radhi tu, inaikabidhi. Ndiyo maana beti za dua ni nyingi vile kuelekea mwisho, ambako mama awaombea watoto, awaombea ndugu, awaombea Waislamu wote, ajiombea na mwenyewe apone. Wahakiki kadha wameziona beti hizo kuwa ni mkia mrefu. Mimi naziona kuwa ndiyo malipo.

Katikati ndipo zilipo zile beti zilizofanya jina. Mume akilala asiamshwe wala sauti isipazwe. Akiamka akute chakula, akandwe mwili, anyolewe, afukizwe udi. Nyumba iwe safi hata chooni. Mke mwenyewe ajipambe kwa hina na asumini na vyombo vyake. Sanaa ya beti hizi si kubwa. Ni beti za kazi, zinakwenda kwa mizani nane katika kila kipande bila kutetereka, na kina cha mwisho cha -ya kinazikusanya kama uzi wa kidani, lakini mtu asingezikumbuka kwa uzuri wa maneno. Zinakumbukwa kwa sababu moja, kwamba ni za kweli. Hakuna hata jambo moja ambalo halijapata kufanywa na mikono ya mtu. Tena limo neno moja ambalo lingepasa kuwatatiza wale wanaomwona mume hapa kuwa mfalme: mama asema atunzwe kama mtoto asiyejua kusema. Mfalme huogopwa. Mtoto asiyejua kusema hubebwa, na anayembeba ndiye mwenye nguvu na akili, ndiye anayejua njaa yake kabla hajalia.

Hata hivyo, sitaki kuonekana ninalainisha mambo. Uko ubeti mgumu, na mhakiki mwaminifu hana budi kusimama mbele yake. Mwana Kupona asema kwamba siku ya kufufuliwa shauri la mke litakuwa la mumewe. Ataulizwa atakalo, na hilo ndilo litakalofanywa, liwe la peponi, liwe la motoni. Msomaji wa leo akisoma maneno haya hukunja uso, na ana haki. Hapa imani imetiwa mkononi mwa mtu mmoja mwenye kosa na sahau kama watu wote. Kama utendi ungeishia hapa, ningekubaliana na wanaoziita beti hizi pingu.

Lakini hauishii hapa. Mtungaji aacha kuamuru, aanza kusimulia. Amweleza binti jinsi alivyokaa na baba yake: kwa furaha na vicheko, bila kuondoleana heshima, wala siku moja hawakugombana, yeye hakupata ubaya kwake, wala mume hakupata ubaya kwa mkewe, hata siku alipochaguliwa kwenda. Na mauti yalipomfikia, mume alimkariria mkewe radhi yake, akashukuru, akamwachia Mungu mambo yote, na moyo wa mke ukatosheka. Ni beti chache tu kati ya mia na mbili. Kwangu mimi, utendi wote umetungwa kwa ajili ya hizi.

Kwanza, ona zinavyoujibu ule ubeti mgumu. Swali la Kiyama limekwisha jibiwa chumbani. Huyu bibi hangoji kusikia mumewe atasema nini siku ile. Amekwisha kusema, tena amelikariri, naye mke alikuwapo. Anamfundisha binti njia ambayo yeye mwenyewe ameipita akafika. Wasia wa namna hii hauna uzito mmoja na wasia wa mtu anayeamuru tu. Ni kama msafiri anayekwambia mahali maji yalipo: kikombe chake kimelowa.

Pili, liangalie neno shukuru. Katika lugha ya Kiarabu shukrani na subira ni mambo mawili, ingawa ni majirani. Hata Ghazali aliyaweka pamoja katika kitabu kimoja cha Ihya, akayapima moja kwa jingine. Kiswahili kimekwenda mbele zaidi, kimeyaingiza yote katika kitenzi kimoja. Katika nyumba ya msiba mzee humwambia aliyefiwa, mshukuru Mungu. Hamwambii afurahi. Amwambia akubali, anyamaze, aache kulia. Mtu aliyepewa hushukuru, na mtu aliyenyang'anywa hushukuru, na mwenye lugha haoni ajabu. Basi Bwana Mataka aliposhukuru kabla ya kufa, alishukuru kwa lipi? Kwa mke aliyekuwa naye, au kwa mauti yaliyomjia? Sarufi haiamui, na sidhani kwamba mtungaji alitaka iamue. Neno lililofuata, fawidhi, lenye maana ya kumkabidhi Mungu mambo, lavuta upande wa kukubali mauti. Neno lililotangulia, radhi, lavuta upande wa mke. Shukrani imekaa katikati, mkono mmoja umemshika huyu na mmoja umemshika Yule.

Na sasa lile ambalo, kwa kadiri nionavyo, halikupewa uzito wa kutosha. Mara baada ya kusema kwamba moyo wake ulitosheka, mjane akiri kwamba tangu siku ile hata leo hajakoma kulia, kila akikumbuka maliwazo ya mumewe na wingi wa mazoea yao. Mume alishukuru. Mke, kwa maana ile ya nyumba ya msiba, hajaweza kushukuru bado. Amebeba radhi iliyotimia na machozi yasiyokatika, na hajaona haya kuyaweka yote mbele ya binti yake. Mwishoni ajitaja mwenyewe kuwa ni gharibu mwenye huzuni na dhambi nyingi. Mtu anayeamini kwamba imani ya kale ilikuwa rahisi, na kwamba bibi za zamani walitii wakatulia, na aisome tena sehemu hii.

Upo upungufu mmoja ambao hauwezi kuachwa kimya. Mama amwonya binti asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Neno lenyewe ni fupi, nalo lafungua mlango wa nyuma wa nyumba ile. Siu ya mwaka 1858 ilikuwa na watumwa, na hali ya utumwa haikuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Kwa hiyo usafi ule, udi ule, utulivu ule wa mume aliyelala, haukutoka katika mikono ya mke peke yake. Radhi zimehesabiwa tano, na hakuna hata moja itokayo kwa yule aliyeteka maji. Sisemi haya ili tumhukumu maiti kwa sheria za siku zetu. Nasema kwa sababu utendi unaoshukuru kwa undani namna hii, na unaojua kila kazi ya nyumbani kwa jina lake, umepita karibu sana na watu hao bila kuwaona, na kasoro hii ni ya utendi wenyewe kabla ya kuwa ya zama.

Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alitutaka tuufikirie upya utendi huu kwa upande wa lugha na mamlaka, na tusikie kejeli mahali ambapo wengine walisikia utii mtupu. Alifanya vema kutushtua. Neno lile la mtoto asiyejua kusema lina kicheko ndani yake, sikatai. Lakini kejeli ikisukumwa mpaka mwisho itauvunja ule ushahidi wa mauti, na hapo sioni alama hata moja ya mzaha. Mwanamke mwerevu aweza kumcheka mumewe kidogo na kumlilia sana. Nyumbani mambo haya huenda pamoja kila siku.

Ili kuupima utendi huu, haitoshi kuulinganisha na tendi za vita. Wa kulinganishwa naye ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Katika Utenzi wa Hati naye amwita binti yake aandike wasia wa mzazi, kwa bahari ile ile. Tofauti yaonekana mapema: binti wa Shaaban Robert aambiwa akae juu ya kiti. Kitanda cha mgonjwa kimeondoka, pakaingia kiti cha karani, na pamoja na kitanda imeondoka ile haraka ya mtu anayekufa. Hati ni kazi nzuri ya mwalimu mwema, walakini mzazi aliyemo ndani yake hajasema yeye mwenyewe alipoteza nini.

Alilisema mahali pengine. Katika shairi lake juu ya Amina, mkewe aliyefariki, amfananisha marehemu na ua lililofumba baada ya kuchanua, na asema kwamba pendo walilolifunga hapana wa kulifungua. Hapa mambo ya Siu yamegeuka. Aliyetangulia ni mke, aliyebaki na machozi ni mume, na mwenye kushukuru wazi mbele ya wasomaji ni mwanamume. Hangoji kuulizwa siku ya Kiyama anataka mkewe atiwe wapi. Amekwisha kuomba, akiwa angali hai, kwamba akubaliwe peponi.