Istilahi za Mchezo wa Emperor: Masahihisho Machache

Mchezo wa kompyuta uitwao Emperor: Rise of the Middle Kingdom ulitolewa mwaka 2002, ukiwa kazi ya BreakAway Games kwa ushirikiano na Impressions Games. Mchezaji hukabidhiwa ardhi tupu katika China ya kale, kuanzia enzi ya Xia hadi ile ya Song, akatakiwa ajenge mji: barabara, nyumba, visima, ghala na hekalu. Hivi karibuni tumepata kuisoma rasimu ya istilahi zake kwa Kiswahili, ambayo mwandishi wake hatutamtaja. Juhudi yake yastahili sifa. Walakini twaona kwamba mahali kadhaa ameifasiri kamusi badala ya kuufasiri mchezo.

Tuanze na jina. Rasimu yasema "Kaisari". Neno hili ni letu siku nyingi, nalo asili yake ni jina la mtawala wa Kirumi. Lakini waundaji haohao wa Impressions walikwisha kutoa Caesar III mwaka 1998, mchezo unaohusu Roma yenyewe, na msomaji atashindwa kuitenganisha miji hiyo miwili. Tena Wachina wana historia ya neno lao. Watawala wa Shang na Zhou waliitwa wang, yaani wafalme. Cheo cha huangdi kilibuniwa mwaka 221 KK, pale Ying Zheng wa Qin alipokwisha kuzishinda dola nyingine akaona kwamba ufalme haumtoshi. Jina la mchezo halijali tofauti hiyo. Sisi tukisema "mfalme" hadi Zhou, na "mfalme mkuu" tangu Qin, tutakuwa tumeisema historia vizuri kuliko Kiingereza kilichotumiwa.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye neno ambalo ndilo roho ya mchezo. Katika mji huu huduma haziendi nyumbani kwa amri. Kila kituo humtoa mtu wake: mkaguzi wa majengo, mganga wa mitishamba, mchota maji. Mtu huyo hushika barabara, na kila nyumba aipitiayo hupata kile alichonacho. Akifika njia panda hugeukia popote. Nyumba isiyopitiwa kwa muda hudhoofika, na wenyeji wake hushuka hadhi. Kwa hiyo ufundi wote wa mchezaji umo katika kuzichora barabara, na kuweka vizuizi, ili mtu huyu asipotelee kusiko na nyumba.

Rasimu imemwita "mzururaji". La hasha! Mzururaji ni mtu asiye na kazi. Hapa Tanzania neno hilo limebeba harufu ya msako wa polisi, na waliokuwa mijini mwaka 1983 hawahitaji kukumbushwa. Mtu wetu ana kazi, ila hana njia maalumu. "Mtembezi" nalo halifai, kwani mtembezi hutembea kwa starehe yake. Lakini lugha yetu inacho kitenzi "kutembeza", ambacho muuza samaki na muuza vitumbua wanakijua vyema: kupita mtaa kwa mtaa na bidhaa, kumpa atakayekutwa. Twapendekeza "mtembezaji". Na yule ambaye hutumwa mahali pamoja na kuzipita njia panda bila kuyumba, kama mchukuzi apelekaye mzigo ghalani, aitwe "tarishi". Mchezaji akiyajua maneno haya mawili atakuwa amefahamu kwa nini kizuizi humrudisha wa kwanza na kumwachia wa pili.

Nafaka ya kaskazini ya China imeandikwa "mtama". Mtama wetu ni mmea mwingine, wenye punje kubwa. Wao walilima nafaka ya punje ndogo, na afadhali "uwele wa Kichina". Vyombo vya anasa vimeitwa "vyombo vya lakiri", ilhali lakiri ni ile tuliyokuwa tukifungia bahasha, nayo asili yake ni mdudu. Wachina walipaka utomvu wa mti. Basi na viitwe "vyombo vya utomvu", hata kama muuza duka hatapenda.

Limebaki feng shui, ambalo rasimu imelifanya "ramli". Bila shaka kamusi ya Kiingereza ndiyo iliyompoteza, maana huko neno moja hubeba mambo yote mawili. Ramli hupigwa mchangani ili kufichua yaliyofichika. Feng shui, kwa tafsiri ya maneno yake, ni upepo na maji. Ni elimu ya kuchagua mahali. Katika mchezo, jengo likisimama pasipopatana na asili yake, sifa ya mji hushuka. Hakuna siri inayofichuliwa wala mtu aulizaye nani kaniloga. Tuliandike "fengishui" tu, na maelezo ya mstari mmoja. Rasimu yenyewe, pamoja na masahihisho haya, imerudishwa kwa mwandishi.